Shajara ya mradi: jozi 15 za mahindi ya Darwin, kila testi na jibu lake

Utangulizi kidogo

Kazi zangu ni za data, miradi midogo midogo, zile za "kabla na baada", watu 12 kijiji hiki, watu 20 kile, maswali ya kuchagua moja hadi tano. Na kwenye kila semina utapewa ule mchoro wa mishale: data ikikaa umbo la kengele (namba nyingi katikati, chache pembeni) piga testi ya t, ile ya kulinganisha wastani, isipokaa kimbilia Mann-Whitney, ile ya kulinganisha nafasi za makundi mawili, chai iko nje. Kwanini? Hamna anayesema. Sasa nimechoka kufuata mishale, nataka nijue hizi testi zisizodai umbo la kengele zinafanya nini humo ndani, nianzie zile zinazotumia nafasi badala ya namba zenyewe alafu nimalizie na butstrapu, yani kuokota upya namba kutoka sampuli yako mwenyewe. Naandika humu ninavyoenda, mwenye kutaka kufuata afuate.

Utaratibu ni mmoja tu. Data moja, ndogo, ya kweli, naiona yote kwa macho, na kila testi inaanzia kwenye daftari kwa peni kabla R, programu ya takwimu, haijaguswa.

Data yenyewe

Nimechukua mahindi ya Charles Darwin, ndio huyo huyo. Kwenye kazi aliyochapisha 1876 kuhusu uchavushaji alipanda mahindi kwa jozi, mche mmoja mbegu yake imetokana na mimea miwili tofauti, mwenzake mbegu ya mmea uliojichavusha wenyewe, wote chungu kimoja ila pande tofauti ili wapate udongo na mwanga sawa. Vyungu vinne, jozi 15. Swali lake ndo lile lile la nyuma ya mbegu chotara tunazouziwa madukani leo: je, mmea uliochanganywa unakua vizuri kuliko uliojichavusha?

Wenye R, ipo tayari kwenye kifurushi cha HistData, inaitwa ZeaMays. Urefu ni kwa inchi na vipimo vinaenda hadi robo ya nusu ya inchi, kwahiyo tofauti za kila jozi (chotara kutoa aliyejichavusha) mimi naziandika kwa sehemu za nane za inchi, zinatoka namba kamili:

49, -67, 8, 16, 6, 23, 28, 41, 14, 29, 56, 24, 75, 60, -48

Jumla 314, wastani 20.9, yani inchi 2.6 hivi. Kabla hujapiga testi yoyote ziangalie tu. Kumi na tatu zimeenda juu, mbili zimeenda chini, na hizo mbili hazijaenda chini kidogo, zimezama. Hayo mawili ndo yaliyonikalisha mradi mzima.

Kuhesabu alama tu

Nimeanza na testi ya alama mana ndo bibi wa zote. John Arbuthnot, daktari wa London, mwaka 1710 alichukua kumbukumbu za ubatizo za miaka 82 mfululizo akakuta kila mwaka wavulana ni wengi kuliko wasichana, akasema kama ingekua ni kurusha sarafu basi kupata hivyo miaka yote 82 ni nusu zidisha nusu mara 82, namba ndogo ya kutisha. Yeye akamalizia kwa kumtaja Mungu, hiyo ni habari nyingine, ila hesabu ndo hiyo hiyo tunayoipiga leo.

Kwa mahindi: kama kuchanganya hakusaidii chochote, kila jozi ina nusu kwa nusu ya kwenda juu au chini. Jozi 15 zina njia 32,768 za kupanga jumlisha na toa (2 kwa kipeo cha 15). Njia za kupata hasi mbili au pungufu: hamna hasi kabisa njia 1, hasi moja njia 15, hasi mbili njia 105, jumla 121. Ukihesabu na upande wa pili (chanya mbili au pungufu) ni 242. Gawanya kwa 32,768 unapata 0.0074. Hiyo ndo p: uwezekano wa kupata matokeo kama haya au ya kupindukia zaidi kama kuchanganya hakusaidii chochote, na kwa mazoea ikiwa chini ya 0.05 watu wanaihesabu ni ushahidi.

Safi kabisa, ushahidi mzito. Ila testi hii haijui kwamba -67 ni kubwa, kwake -67 na -1 ni kitu kile kile, na hapo ndo roho inasita.

Kupanga kwa nafasi

Frank Wilcoxon alikua mkemia, sio mwanahisabati wa kukaa ofisini, alikua anafanya kazi kiwandani Marekani na 1945 akatoa makala fupi yenye testi mbili ndani yake. Moja ya jozi, nyingine ya makundi mawili yasiyo na jozi. Hii ya jozi inafanya hivi: sahau alama kwanza, panga tofauti kwa ukubwa, ndogo kabisa inapewa 1, inayofuata 2, mpaka 15. Ni kama matokeo ya darasa yanapobandikwa ukutani, unaona mtoto amekua wa 3 kati ya 45 lakini kama amempita wa 4 kwa alama moja au kwa alama thelathini hapo huoni.

Nimeipiga kwenye daftari, bahati nzuri hamna sare hata moja: 6 inachukua nafasi ya 1, 8 ya 2, 14 ya 3, 16 ya 4, 23 ya 5, 24 ya 6, 28 ya 7, 29 ya 8, 41 ya 9, 48 ya 10, 49 ya 11, 56 ya 12, 60 ya 13, 67 ya 14, 75 ya 15. Sasa rudisha alama. Hasi ni ile 48 na ile 67, nafasi 10 na 14, jumla 24. Chanya wanabaki na 96. Jumla kuu lazima iwe 120, ukipata tofauti rudia kuhesabu.

Jedwali la jozi 15 linasema ukitaka p isizidi 0.05 kwa pande mbili, jumla ya nafasi iliyo ndogo mwisho wake ni 25, sisi tuna 24, tumepita kwa upenyo wa sindano. R kwa wilcox.test yenye paired inasema p ni 0.041. Kutoka 0.0074 mpaka 0.041! Data ile ile. Sababu unaiona kwenye daftari bila hata kuuliza mtu: testi ya alama iliona wawili wameshindwa basi, Wilcoxon ameona wawili wameshindwa vibaya, wamekalia nafasi za juu.

Na hapa niseme kitu kinachonikera. Watu wanasema testi za nafasi "hazina masharti". Zina masharti! Hii ya jozi ukitaka kuisoma kama habari ya katikati ya tofauti, inataka tofauti zikae sawasawa kushoto na kulia, na hizi zetu zina mkia wa kushoto wa kuonekana na kila mtu. Kisichodaiwa ni umbo la kengele tu, na bei yake ni ndogo kuliko nilivyodhani: data ikiwa kweli ni ya kengele, Wilcoxon mwenye sampuli kubwa anafanya kazi kwa ufanisi wa 3 gawanya kwa pai, 0.955 hivi, ukilinganisha na testi ya t. Wanatakwimu Hodges na Lehmann walionyesha 1956 kwamba hata kwa umbo baya kiasi gani la mgawanyo haushuki chini ya 0.864. Mkia ukiwa mrefu yeye anaipita t kwa mbali. Kwa bima ya namna hii mimi nalipa.

Usiku mmoja na Fisher

Ronald Fisher, mwanatakwimu wa Uingereza, aliichukua data hii hii 1935. Testi ya t inatoa p 0.0497, imepita kwa unywele. Alafu akafanya kitu ambacho ndo kimenifungua akili: akasema tuache kengele kabisa, kama kuchanganya hakuna maana basi alama ya kila tofauti ingeweza kua jumlisha au toa, tuzipange njia zote 32,768, kila mpangilio tuangalie jumla yake, tuone ni mipangilio mingapi inafika 314 au zaidi. Aliipata bila kompyuta. Mipangilio 835 inapita 314, 28 inalingana nayo, jumla 863, na pande zote mbili 1,726. Gawanya, 0.0527.

Laptop yangu ya zamani imeimaliza kabla sijafikisha kikombe mdomoni, na imeleta 1,726 kamili, sitaficha, nilipiga makofi mwenyewe.

Sasa ziweke pamoja: alama 0.0074, nafasi 0.041, t 0.0497, kupangua alama 0.0527. Kwa wale wa kuamini 0.05 kama mpaka wa nchi, testi tatu zimepita na moja imerudishwa. Msimamo wangu mpaka hapa ni huu: hizi testi sio mashine nne zinazopima kitu kimoja zikapishana usahihi. Ya kwanza inauliza kama chotara anashinda zaidi ya nusu ya mara. Ya Wilcoxon inachanganya kushinda na ukubwa wa ushindi kwa nafasi. Mbili za mwisho zinauliza habari ya wastani, na wastani unavutwa chini na wale wawili. Mtu anayezipiga zote nne alafu akaweka kwenye ripoti ile ya 0.0074 bila kusema kitu, huyo tumwite kwa jina lake. Swali linatakiwa liandikwe kabla data haijafika mezani.

Bwana shamba aingilia

Nilimwonyesha mzee mmoja ninayemfahamu, bwana shamba mstaafu, sio mtu wa takwimu. Shikamoo, marahaba, akavaa miwani. Sikumwonyesha tofauti, nilimwonyesha urefu wenyewe kwa vyungu. Akapitisha kidole: 23.5, 12, 21... akasimama hapo. Akashuka mpaka chungu cha nne, mche wa mwisho, 12 tena. "Mwanangu, hii miwili imedumaa. Futi moja kamili wakati wenzake wote wako juu ya inchi 18? Hapo kuna kitu, mdudu, mzizi, mbegu mbovu, sijui. Usiniambie ni uchotara."

Ni kweli, chotara wengine wote 13 wako kati ya 18.25 na 23.5. Wawili wale wako 12. Kwahiyo sio kwamba wenzao waliojichavusha walikua warefu sana, chotara hao wawili ndo walikua na tatizo. Nikamuuliza basi niwatoe? Akacheka. "Ukitoa wanaokuharibia, utavuna kila mwaka." Nimewaacha.

Bila jozi: Mann-Whitney

Hii ndo testi ya pili kwenye makala ya Wilcoxon, Mann na Whitney wakaipanua 1947. Nilitaka kuona ingekuaje kama tungesahau kwamba mahindi yako kwa jozi, mana Francis Galton, binamu wa Darwin aliyesaidia kuichambua data hii enzi zile, aliipanga kila safu kwa ukubwa alafu akalinganisha mrefu na mrefu, mfupi na mfupi, na Fisher baadae akamkosoa kwa hilo.

Kwa mkono ni rahisi kuliko inavyotisha. Chukua kila chotara, hesabu amewapita wangapi kati ya 15 wa upande wa pili, sare ni nusu. Kumi kati yao wamewapita wote 15, hiyo 150. Mwenye 19 na kidogo amewapita 12. Mwenye 20.375 amewapita 14 na ametoka sare na mmoja, 14.5. Mwenye 18.25 amewapita 9. Waliodumaa, sifuri sifuri. Jumla 185.5 kati ya mapambano 225. Hiyo ndo U, namba ya testi hii, basi, hamna uchawi. Na ukigawanya unapata 0.82: ukiokota chotara mmoja na mmoja wa kujichavusha bila kuangalia, kwa asilimia 82 chotara ni mrefu zaidi. Mimi namba hii naiona tamu kuliko p yoyote, hata mkuu wa idara asiyejua takwimu anaielewa, na sioni kwanini ripoti zetu haziiweki.

p yenyewe inakuja karibu 0.003 (R itanung'unika kuhusu sare na kukupa makadirio, ni sawa). Ndogo kuliko ya jozi! Nilitegemea kinyume, mana faida ya jozi ni kupunguza tofauti zinazoletwa na chungu chenyewe. Nikaangalia uwiano ndani ya jozi (namba ya -1 hadi 1 inayosema urefu wa wawili unakwenda pamoja au kinyume) nikakuta ni hasi, kama -0.33, chotara mrefu anakaa na mwenzake mfupi. Inawezekana walikua wananyang'anyana chakula humo chunguni, inawezekana ni bahati tu, kwa jozi 15 huwezi kusema. Lakini huwezi kuvunja jozi kwasababu bila jozi jibu ni zuri, jaribio lilipandwa kwa jozi litasomwa kwa jozi.

Kitu kingine cha Mann-Whitney, na hiki kiko kwenye ripoti nyingi mno: "testi imeonyesha mediani (namba ya katikati ukizipanga kwa ukubwa) zinatofautiana". Hapana. Angalia namba hizi nimezitunga mwenyewe. Kundi A: 7, 8, 9, 10, 11, 12, 13. Kundi B: 1, 2, 3, 10, 11, 11, 11. Mediani zote ni 10. Sasa hesabu mapambano: B anapata 17 kati ya 49, wakati katikati ni 24.5. Jaza makundi makubwa yenye umbo hili na Mann-Whitney atapiga kelele, na mediani bado ni 10 kwa 10. Anachopima ni nani anampita nani, ukitaka kukisoma kama mediani lazima makundi yawe na umbo moja lililosogezwa tu.

Na wale wa sampuli ndogo sana, hii ni yenu. Watatu kwa watatu, njia za kugawa nafasi ni 20 tu, kwahiyo hata kundi moja likiwapita wenzao wote p ndogo kabisa ya pande mbili ni 2 kwa 20, yani 0.10. Hutofika 0.05 hata ukeshe. Wanne kwa wanne njia ni 70, unafika 0.029. Kwa jozi za Wilcoxon ukiwa na jozi tano mwisho wako ni 2 kwa 32, 0.0625. Niliwahi kukabidhiwa kazi yenye jozi tano ikiwa na maelekezo ya "thibitisha mabadiliko", bajeti imeshaisha, wahojaji wamesharudi. Hesabu ya dakika moja kabla ya kwenda field ingetosha.

Butstrapu

Hapa ndo nilipotaka kufika siku zote. Mwanatakwimu Bradley Efron, 1979, Chuo Kikuu cha Stanford. Wazo ni dogo mpaka linaudhi: hujui jamii kubwa ilivyo, una sampuli yako tu, basi ifanye sampuli ndo jamii. Okota namba 15 kutoka kwenye zile 15, ukiokota unarudisha, kwahiyo nyingine zinatoka mara mbili mara tatu na nyingine hazitoki kabisa. Hesabu wastani. Rudia mara 10,000. Mtawanyiko wa wastani hizo ndo picha ya jinsi wastani wako ungeyumba.

Tofauti na ya Fisher: yeye anapangua alama chini ya dhana kwamba hakuna tofauti, hapa hamna dhana hiyo, tunataka kujua makadirio yanayumba kiasi gani pale pale yalipo. Watu wanazichanganya hizi mbili kila siku.

Kwenye R ni mstari mmoja, sample yenye replace=TRUE ndani ya replicate. Wastani 20.9, kuyumba kwake kama 9.4 (bado ni sehemu za nane za inchi). Nikachukua asilimia 2.5 ya chini na ya juu: chini inacheza kati ya 1 na 2, juu 38 hivi. Testi ya t inatoa mipaka 0.03 hadi 41.8, yenyewe imejinyoosha sawa pande zote mbili kama rula, ya butstrapu imefuata mkia, imeenda mbali kidogo kushoto kuliko kulia. Ila msifurahi haraka. Kwa sampuli ya 15 mipaka hii ya asilimia huwa inabana kupita inavyostahili, ndo mana ikaikwepa sifuri kirahisi wakati kupangua alama kulitoa 0.0527. Efron mwenyewe alileta marekebisho ya mipaka hii 1987, yanaitwa BCa, nitayajaribu.

Mediani ndo ilinishangaza. Mediani ya tofauti ni 24, inchi tatu kamili. Nikachora butstrapu ya mediani nikitegemea kilima, nikapata vijiti. Vijiti vichache vimesimama mbalimbali kama nguzo za umeme. Ukifikiri ni lazima iwe hivyo, sampuli ni 15, hesabu witiri, kwahiyo mediani ya kila mzunguko ni mojawapo ya zile namba 15, haiwezi kuangukia katikati. Sampuli tofauti zinazowezekana zinapita milioni 77 lakini majibu ni 15 tu. Inafanya kazi, ila mipaka yake inaruka ruka na sikushauri uripoti hadi desimali.

Na kuna mahali inagoma kabisa. Nilijaribu namba kubwa kuliko zote, ile 75. Nafasi ya 75 kuokotwa angalau mara moja kwenye mzunguko ni 1 toa (14/15 kwa kipeo cha 15), yani 0.645. Kwahiyo karibu theluthi mbili ya mizunguko inatoa 75 ile ile na haiwezi kupita hapo kamwe, wakati jamii kubwa inaweza kua na jozi yenye tofauti ya 90. Kuongeza sampuli hakusaidii, ile 0.645 inashuka mpaka 0.632 inaganda hapo. Mtu akikuletea butstrapu ya kima cha juu cha mafuriko au foleni ndefu kuliko zote, muulize swali hili kwa upole.

Jambo moja la jozi: unaokota jozi nzima, au tofauti yake. Ukiokota chotara peke yake na mwenzake peke yake umevunja jaribio kimya kimya na R haitakwambia kitu.

Nilipofikia

Kruskal-Wallis ya 1952 ya makundi matatu na kuendelea nimeipitia, ni wazo lile lile la nafasi, sina la kuongeza. Ile ya Friedman ya 1937 nayo ni nafasi ndani ya kila mtu au kila chungu, na ndio, ni Milton Friedman yule yule mchumi wa Nobel ya 1976.

Kinachofuata: BCa kwenye mahindi haya haya nione mpaka wa chini unasogea wapi, alafu Brunner-Munzel, testi nyingine ya nafasi, kwa makundi yenye mitawanyiko tofauti, mana ule mfano wangu wa A na B bado unanisumbua. Msimbo wote nimeuweka kwenye faili moja, mistari chini ya mia, mwenye kutaka anipigie kelele nitaubandika. Na kama kuna mtu ana data ya shamba darasa iliyopandwa kwa jozi, hata jozi ishirini tu, isiyo na siri za watu, naiomba, nimechoka kuwaangalia wale wawili waliodumaa.